Kalori zipi?
Neno kalori limezoeleka hadi kwenye pakiti za biskuti, ingawa kinachohesabiwa hapo ni kilokalori: nishati ya kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi.

Kwa mtu mzima aliyebakiwa na utumbo mwembamba usiofika sentimita 200, neno hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa si chote anachokula kinachofyonzwa. Kalori alizokula, zilizofyonzwa, au alizotumia? Za mwisho hupimwa akiwa amelala, kichwa ndani ya kifuniko cha plastiki, mashine ikipima oksijeni anayotumia na hewa ukaa anayotoa. Zilizopotea chooni nazo zina kipimo: kinyesi hukaushwa, kikachomwa maabara.

Kanuni ya Harris na Benedict ya 1919, ya kukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika, haiulizi urefu wa utumbo. Kwa hiyo mwandishi wa afya ataje ni kalori zipi.