Pipa la Mafuta na Riziki ya Kibarua: Nijeria na Ghana, 1969 hadi 1985

Tarehe 17 Januari 1983 serikali ya Nijeria, kwa kinywa cha waziri wake wa mambo ya ndani, Ali Baba, ilitoa amri kwamba wageni wote waliokaa nchini pasipo hati waondoke katika muda wa wiki mbili. Mafundi wenye ujuzi waliongezewa muda hadi mwisho wa Februari, na walioajiriwa na serikali walisamehewa. Lakini wachukuzi wa bandarini, vibarua wa ujenzi, wapishi, mayaya, washonaji na wachuuzi wa barabarani walikuwa na siku 14 tu. Idadi yao haikupata kuhesabiwa sawasawa. Makadirio mengi hutaja watu kati ya milioni moja na milioni mbili, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya Waghana.

Sababu zilizotolewa hadharani zilikuwa za usalama. Unyang'anyi ulikuwa umezidi mjini Lagos, na fitina ya wafuasi wa Maitatsine, iliyomwaga damu Kano mwaka 1980 na ikazuka tena Maiduguri na Kaduna mwaka 1982, ilinasibishwa na wageni. Sababu hizo hazikuwa uzushi mtupu. Walakini hazielezi kwa nini watu wale wale, waliokaribishwa kwa miaka karibu kumi na ambao hakuna aliyewauliza hati zao, waligeuka kuwa mzigo kwa siku moja. Jibu la swali hilo halipatikani katika vitabu vya polisi. Linapatikana katika bei ya pipa la mafuta.

Mafuta yaligunduliwa Oloibiri, katika delta ya mto Niger, mwaka 1956, na shehena ya kwanza ilisafirishwa mwaka 1958. Siku zile Nijeria ilikuwa nchi ya wakulima: karanga za kaskazini, kakao ya magharibi, mawese ya mashariki. Magunia ya karanga yaliyopangwa kama piramidi mjini Kano yalikuwa yakipigwa picha na kila mpita njia. Bei ya mafuta ilipopanda mara nne hivi kati ya mwaka 1973 na 1974, piramidi zile zilianza kutoweka, kwa ukame na maradhi ya mimea, na pia kwa sababu vijana waliona heri ya koleo la saruji mjini kuliko jembe la kijijini. Kufikia mwaka 1980 nchi iliyokuwa ikiuza mawese duniani ilikuwa ikiyanunua kutoka ng'ambo.

Fedha ziliingia kwa wingi usio na kipimo, nazo zilitumiwa kwa namna iyo hiyo. Mwaka 1974 tume ya Udoji ilipendekeza mishahara ya watumishi wa serikali ipandishwe, na ilipandishwa, wengine wakapata mara mbili ya walichokuwa wakipata. Mwaka uliofuata serikali ya Jenerali Gowon iliagiza tani milioni 20 hivi za saruji, hali bandari ya Lagos haikuweza kupokea hata sehemu moja ya kumi ya shehena hiyo kwa mwaka. Meli zaidi ya 400 zilitia nanga baharini zikingoja zamu, saruji ikiganda ndani ya matumbo yake, na serikali ikilipa faini kwa kila siku ya kungoja. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko. Lakini kina jambo moja la maana kwa historia ya kazi. Saruji ile iliyofika salama ilihitaji mikono. Barabara, madaraja, kambi za askari, shule za elimu ya msingi kwa wote iliyoanzishwa mwaka 1976, na baadaye mji mkuu mpya wa Abuja, vyote vilihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka Ghana.

Huko Ghana mambo yalikuwa kinyume. Kakao, iliyokuwa nguzo ya nchi, ilipungua kutoka tani zaidi ya 550,000 katika msimu wa 1964/65 hadi tani 160,000 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sedi ilikuwa na thamani kwenye karatasi za benki tu. Mwalimu wa Accra aliyefunga safari kwenda Lagos alilipwa kwa naira, na naira moja mwaka 1980 ilizidi dola moja ya Marekani. Tena njia ilikuwa wazi: mkataba wa jumuiya ya nchi za Afrika ya Magharibi, uliotiwa sahihi papo hapo Lagos mwaka 1975, ulifuatwa mwaka 1979 na itifaki iliyomruhusu raia wa nchi yoyote ya jumuiya kuingia nchi nyingine na kukaa siku 90 pasipo viza. Siku ya 91 haikuwa na mtu wa kuihesabu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alipewa jembe siku ya kwanza, na mwenyeji alipata faida kwalo.

Yafaa sasa kueleza jinsi bei inavyoanguka katika soko la mbali na kumfikia mtu ambaye hajapata kuona kisima cha mafuta. Kazi ya kuchimba mafuta huajiri watu wachache sana. Kama athari ya bei ingaliishia visimani, Lagos isingalitikisika. Lakini mafuta yaliipa Nijeria zaidi ya tisa katika kila kumi za fedha za kigeni, na sehemu kubwa ya mapato ya serikali kuu, ambayo nayo iligawia majimbo. Kwa hiyo pipa lilikuwa kama chemchemi iliyo juu ya kilima: maji yakipungua huko, mifereji yote ya bondeni hukauka, mmoja baada ya mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1981 pipa la Nijeria liliuzwa kwa karibu dola 40. Bei hiyo ya juu ndiyo iliyojichimbia kaburi. Nchi zenye viwanda zilijifunza kubana matumizi, na visima vya Bahari ya Kaskazini, ambavyo kwa bei ya zamani visingalilipa gharama, vilizidi kutoa mafuta. Nijeria iliumia kuliko wenzake, kwa kuwa mafuta yake mepesi ni ya jinsi moja na yale ya Uingereza na Norwe, na mnunuzi hakuwa na sababu ya kulipa zaidi. Uzalishaji, uliokuwa mapipa zaidi ya milioni mbili kwa siku mwaka 1979, ulishuka mwezi Machi 1982 chini ya milioni moja. Mapato ya mafuta, yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 25 mwaka 1980, yalikuwa bilioni 10 hivi mwaka 1983.

Mfereji wa kwanza kukauka ulikuwa wa bidhaa za ng'ambo. Aprili 1982 Rais Shehu Shagari alipitisha sheria ya kubana uchumi, na leseni za kuagiza bidhaa zikawa adimu. Viwanda vya Nijeria vilikuwa vikikusanya na kumalizia vitu ambavyo sehemu zake zilitoka nje. Kiwanda kisicho na leseni kilikosa nyuzi, kemikali na vipuri, na mashine zilisimama ingawa wateja walikuwapo. Mfereji wa pili ulikuwa wa makandarasi. Serikali haikutangaza kwamba imeacha kujenga. Iliacha tu kulipa hati za malipo, na mkandarasi aliyengoja fedha miezi mingi aliwaambia vibarua wake wasirudi Jumatatu. Wa tatu ulikuwa wa majimbo, ambayo yalizoea kungoja mgao kutoka Lagos. Mgao ulipopungua, walimu walikaa miezi bila mshahara. Walimu wengi wa Kighana waliajiriwa na majimbo hayo, na kwa hiyo walikuwa upande wa waliosamehewa. Lakini kusamehewa siko kulipwa.

Hapo ndipo aliyepoteza kazi alipotazama pembeni na kumwona jirani asemaye Kitwi akiuza viatu. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kuwaonyesha wananchi mgeni anayeondoka ni rahisi kuliko kuwaonyesha soko la mafuta la London.

Amri ilitekelezwa kwa ukali wa kalenda. Watu walikusanyika Apapa wakitafuta meli, na uwanja wa ndege wa Ikeja wakitafuta nafasi. Wengi zaidi walikwenda kwa malori hadi mpaka wa Seme, wakiwa na redio, vitanda, vyerehani, na mikoba mikubwa ya plastiki yenye mirabamiraba ambayo tangu hapo iliitwa kwa jina la safari hiyo, Ghana Must Go, yaani Waghana lazima waende. Huko Seme walikuta mlango umefungwa. Ghana yenyewe ilikuwa imefunga mpaka wake na Togo tangu Septemba 1982 ili kuzuia magendo ya kakao. Togo, ikihofu kubaki na umati usio na pa kwenda, ilifunga wake. Na Benin ikafanya vivyo hivyo. Malaki ya watu walikwama kati ya amri za nchi nne, juani, pasipo chakula wala maji ya kutosha, na baadhi yao walikufa. Tarehe 29 Januari, siku mbili kabla ya mwisho wa muda, Jerry Rawlings alifungua mpaka wa Ghana, na msafara ukaanza kusogea.

Waliopokewa walifika katika nchi yenye ukame na moto wa misitu, uliounguza mashamba ya kakao na ya chakula. Mwaka ule Waghana waliiita mifupa ya mabega iliyotokeza kwa njaa "mkufu wa Rawlings". Katika taifa la watu milioni 12 hivi, kurudi kwa milioni moja kwa muda wa wiki chache kungaliweza kuzaa kambi za wakimbizi kila mkoa. Hazikuwapo. Malori ya serikali na ya misaada yaliwapeleka watu wilayani kwao, na huko jamaa waligawana nao kile kidogo kilichokuwapo. Jambo hili halijapewa heshima inayolistahili katika maandishi ya uchumi, pengine kwa sababu chakula kilichogawanywa jikoni hakiingii katika hesabu za taifa lolote.

Na je, Mnijeria aliyesukumwa nje ya kazi alipata nafasi ya Mghana? Kwa sehemu kubwa hakupata, maana nafasi yenyewe ilikuwa imekufa. Kibarua alilipwa na mkandarasi, mkandarasi na serikali, serikali na mafuta. Kuondoka kwa Mghana hakukuongeza senti moja katika bei ya pipa. Februari ile ile Nijeria ililazimika kupunguza bei yake kwa dola 5.50 hadi dola 30, na Machi jumuiya ya wauza mafuta, iliyokutana London, ilishusha bei ya wote kutoka dola 34 hadi 29. Shagari alishinda uchaguzi wa Agosti, na tarehe 31 Desemba jeshi lilimwondoa. Serikali mpya ya Jenerali Muhammadu Buhari ilipunguza watumishi kwa maelfu. Na mwaka 1985, bei ikiwa bado chini, ilifukuza wageni wengine wapatao 700,000. Mwaka 1986 pipa lilifika karibu dola 10.

Wazee wa Kiyoruba hawakushangazwa na mambo haya. Mnamo Novemba 1969 serikali ya Kofi Busia ilikuwa imewapa wageni wasio na vibali vya kukaa Ghana wiki mbili waondoke, na wengi walioondoka walikuwa wafanyabiashara wa Kinijeria, baadhi yao wazaliwa wa Kumasi na Accra.  Maduka yalifungwa, masoko yakakosa bidhaa, na deni la Ghana likabaki palepale. Busia mwenyewe aliangushwa Januari 1972, wiki chache baada ya kushusha thamani ya sedi.

Bei ya mafuta ilipanda tena, na tena ikaanguka, kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka 2014 hadi chini ya 30 Januari 2016. Katika mwaka 2015 majimbo mengi ya Nijeria yalishindwa kulipa mishahara, na walimu walikaa miezi wakingoja mgao. Mwezi Julai serikali kuu ilikubali kuyakopesha fedha za kulipia madeni hayo. Rais aliyeidhinisha, safari hii akiwa amechaguliwa kwa kura, alikuwa Muhammadu Buhari.