Neno Moja Kabla ya Kitenzi: Kutoka Mkataba wa Msanii wa Kisesa Mpaka Vita ya Adwa

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, ingawa naanza na mtu ambaye wengi wenu mnacheza nyimbo zake. Jina kapuni. Ni mtoto wa hapa hapa Kisesa, ukitoka stendi unaelekea njia ya Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, kwao si mbali na hapo. Wiki mbili zilizopita alinifuata na karatasi kumi na mbili za mkataba, zote Kiingereza. Kuna watu wa Dar wanataka kummeneji. Akaniambia, "Kaka, we ndo ulikuwa unapata Kiingereza, nisomee kama hela ipo."

Nilimaliza kidato cha nne tu, sijafika mbali. Ila mwalimu wetu mmoja wa Kiingereza alitukaririsha kitu mpaka kikaingia kwenye damu: ukishaweka "can", "may", "must", "shall" au "will", kitenzi kinachofuata kinabaki uchi. Hakina "to", hakina "s". Huwezi kusema "must to go". Sisi tulikuwa tunakosea kila siku kwa sababu Kiswahili kinasema "naweza kwenda", ile "ku" ipo, kwa hiyo kichwani tunaitafutia mwenzake. Na wengine wakaongeza yao, "can be able to", ambayo ni kama kusema naweza kuweza. Mpaka leo utaisikia kwenye mahojiano ya redio, na msemaji kavaa suti kabisa.

Kwa nini hayo maneno yana tabia hiyo? Nimesoma sana kuhusu hili, na jibu ni historia. Zamani hayakuwa maneno madogo ya kusaidia, yalikuwa vitenzi kamili vyenye maana yake. "Can" ilikuwa kujua. "May" ilikuwa kuwa na nguvu. "Will" ilikuwa kutaka. Na "shall", hii ndo iliyonikalisha kitako, ilikuwa kudaiwa. Ina undugu na neno la Kijerumani "Schuld", yaani deni. Enzi hizo kitenzi kilichofuata kilikuwa na mkia wake wa kuonyesha kwamba ni kitenzi, hakikuhitaji "to". Mkia ukaja kukatika. Vitenzi vingine vikazoea "to", hivi vichache vikabaki na mtindo wa kizamani.

Na usidhani ni wao tu. Ile "ta" ya "nitakuja" wataalamu wa lugha wanasema imetokana na "taka". Kwamba nitakuja ilianza kama nataka kuja. Mwingereza na Mswahili, kila mmoja kwake, wote wamechukua kutaka wakakifanya kesho.

Sasa turudi kwenye karatasi za huyu jamaa. Nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia maneno mawili tu, "may" na "shall". Kila palipoandikwa Msanii, mbele yake pana "shall". Msanii atatoa nyimbo, Msanii atafika kwenye shoo, Msanii hatafanya kazi na mwingine. Kila palipoandikwa Kampuni na kitu cha hela, pana "may". Kampuni yaweza kulipia video. Yaweza. Ikipenda.

Halafu kuna vile vineno vya mwisho ambavyo shuleni tuliona ni mapambo. "Pay to" ni kumlipa mtu. "Pay for" ni kulipia kitu. "Pay out of" ni kulipa kwa kuchota mahali fulani. Kiswahili hii kazi kinaifanya ndani ya kitenzi chenyewe, lipa, lipia, lipiwa, kwa hiyo jicho letu halijazoea kuitafuta nje. Sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini ilisema Kampuni inaweza kulipia matangazo, na mwishoni kabisa "out of the Artist's share". Maana yake kwa Kiswahili cha kitaa: wakiamua kukutangaza, wanakutangaza kwa hela yako. Maneno matatu, kila moja na kazi yake. La kwanza linasema kama ni lazima au hiari, la pili linasema kitendo, la tatu linasema mfuko wa nani.

Jamaa akacheka, akasema nakuza mambo, neno moja haliwezi kuleta shida yote hiyo. Ndo nikamsimulia habari ya Wuchale.

Tarehe 2 Mei 1889, kwenye kijiji cha Wuchale kule Ethiopia, Menelik wa Pili alisaini mkataba na Italia. Kwa upande wa Italia alikuwepo Pietro Antonelli. Mkataba ulikuwa na matoleo mawili, Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kilihusu mawasiliano ya Ethiopia na mataifa mengine ya Ulaya. Kwa Kiamhari, mfalme anaweza kuyafanya kwa msaada wa Italia. Kwa Kiitaliano, kilisomeka kwamba amekubali kuyafanya kupitia Italia, na Roma wakakishika kama wajibu. Anaweza upande huu, lazima upande ule. Oktoba mwaka huo huo Italia ikawatangazia wakubwa wenzake wa Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake.

Menelik akaja kushtuka alipowaandikia Uingereza na Ujerumani moja kwa moja, akajibiwa kwamba mambo yake yanatakiwa kupitia Italia. Fikiria unaandika barua kwa jina lako mwenyewe, halafu unaambiwa una msemaji. Alilalamika, wakavutana miaka, mke wake Taytu akiwa mmoja wa waliokataa kabisa kulegeza. Mwaka 1893 akautupa mkataba wote. Italia ikaja na jeshi. Tarehe 1 Machi 1896 pale Adwa jeshi hilo likapigwa vibaya, maelfu wakafa pande zote mbili, na Oktoba mwaka huo ukasainiwa mkataba mpya Addis Ababa, Italia ikikiri kwamba Ethiopia ni nchi huru. Wapo wanaosema ilikuwa makosa ya mkalimani. Mimi siamini. Mtu aliyekosea bahati mbaya hakimbilii kuitangazia Ulaya nzima.

Sisi huku hatukupata Adwa. Wajerumani walipoondoka, Waingereza waliingia na sheria zao, na tarehe 22 Julai 1920 ndiyo siku ambayo sheria za Uingereza zilihesabiwa kuanza kutumika Tanganyika. "Shall" na "may" zikaingia nazo. Mpaka leo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, kifungu cha 53, inaeleza maneno hayo mawili: "may" ikitoa mamlaka, mwenye mamlaka anaamua mwenyewe atumie au asitumie, na "shall" ikitoa jukumu, jukumu lazima litekelezwe. Na hata hapo hapajatulia, maana Mahakama ya Rufani iliwahi kusema "shall" ya kwenye sheria ya mwenendo wa kesi za jinai si lazima ya kila mahali. Kama majaji wanavutana, wewe uliyesoma Kiswahili shule ya msingi halafu ukabadilishiwa lugha kidato cha kwanza utaona nini?

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mimi nilishangilia. Ila mikataba ya watu binafsi bado inaandikwa vyovyote wanavyokubaliana, na Kiswahili nacho kina mtego wake. Katiba yetu inasema kutakuwa na Rais. Ile "ta" pale ni amri, si utabiri. Sasa mkataba ukiandikwa "Kampuni itamlipa Msanii", hiyo ni ahadi ya lazima au ni mipango tu? Mimi ningeandika "inawajibika kumlipa", nikaweka na siku.

Jamaa alimpigia meneja mbele yangu, spika wazi. Akaomba "may" moja tu ibadilishwe iwe "shall", ile ya kulipia video. Meneja akasema hayo ni maneno ya kawaida ya wanasheria, hayana maana yoyote, asaini tu. Jamaa akauliza, kama hayana maana si mlibadilishe? Upande wa pili kukawa kimya, halafu akasema atamcheki baadaye.

Hajamcheki mpaka leo. Karatasi ziko kwangu, chini ya tivii, hazijasainiwa.