Diatomaiti ya Kariandusi

Diatomaiti ya Kariandusi ni mashapo meupe, mepesi, yanayochimbwa karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru, upande wa mashariki wa Ziwa Elmenteita. Mgeni huidhania chokaa. Tone la asidi humaliza ubishi: chokaa hutoa povu, diatomaiti hainyanyui hata kiputo, kwa kuwa ni silika. Bonge lake likiwa kavu huelea majini, kisha huzama vinyweleo vyake vinapojaa maji.

Mashapo haya ni maganda ya diatomu, mwani wa chembe moja ambao hunyonya silika iliyoyeyuka majini na kujijengea ganda lenye vitundu vingi vilivyopangika. Ganda moja huwa na upana wa sehemu ndogo tu ya milimita. Mwani ukifa, ganda huzama, na vizazi visivyohesabika hulala tabaka juu ya tabaka. Kwa diatomu, Bonde la Ufa lilikuwa na kila kitu. Mipasuko ya ardhi ilidondosha sakafu ya bonde na kuacha mabeseni ya kukusanya maji, na volkano zilizoyazunguka zilitema jivu la kioo ambalo huachia silika kwa urahisi linapooza majini. Chemchemi za maji moto nazo ziliongeza silika.

Hata hivyo, silika nyingi peke yake haitoshi, na hapa ndipo Kariandusi inapovutia. Elmenteita ya leo ni ziwa la magadi, lenye kina kifupi na lisilo na mto wa kutokea. Kipimo chake cha pH hupita 9, na katika maji makali namna hiyo maganda ya silika huanza kuyeyuka yenyewe. Tabaka nene na safi la diatomaiti linahitaji maji baridi na yenye kina, tena mbali na midomo ya mito, ili tope libaki kando na maganda yatue peke yake. Kwa hiyo weupe wa Kariandusi ni ushahidi wa ziwa jingine kabisa, kubwa na refu kwenda chini, lililojaza beseni la Nakuru na Elmenteita katika kipindi cha mvua nyingi kati ya miaka milioni 1.1 na 0.9 iliyopita. Baadaye mipasuko iliendelea kuisogeza ardhi na mito ikakata mashapo, na ndiyo maana sakafu ya ziwa hilo leo inaonekana kama kuta nyeupe kwenye nchi kavu.

Umri huo haukupimwa kutokana na maganda yenyewe. Katikati ya matabaka kuna mikanda ya jivu la volkano yenye fuwele za feldspa, na fuwele hizo hupimwa kwa njia ya arigoni. Kila mlipuko uliochafua ziwa ulikuwa hasara kwa mchimbaji wa leo na faida kwa mwanajiolojia.

Kimadini, diatomaiti ni opali: silika iliyoshika maji ndani yake na isiyo na mpangilio wa fuwele. Ikizikwa kwa kina na kupata joto la muda mrefu, opali hubadilika hatua kwa hatua hadi kuwa kwazi, vitundu huzibika, na linalobaki ni jiwe gumu lisilofaa kuchuja kitu. Mashapo ya Kariandusi ni machanga na hayakuwahi kufunikwa na mzigo mkubwa, kwa hiyo opali yake ingali opali. Uchafu unaoishusha thamani ni vigae vya kioo cha volkano, feldspa, udongo wa mfinyanzi, na oksidi za chuma na titani. Titani hii ni kidogo mno kuweza kuchimbwa. Madini ya titani yenyewe nchini Kenya yalichimbwa Kwale, kwenye mchanga wenye ilmenaiti na rutaili. Huko maji na upepo vilichambua punje nzito na kuzikusanya; Kariandusi iliumbika pale ambapo punje za namna hiyo hazikufika.

Uchimbaji umefanyika kwenye machimbo ya wazi na kwenye mapango marefu yaliyochongwa ndani ya tabaka. Mawe hutoka yakiwa na maji mengi, hivyo hukaushwa kwanza kabla ya kusagwa. Unga wa kuchujia bia, mafuta au sukari huchomwa tanuruni kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Chuma kilichomo huupa rangi ya waridi. Magadi yakiongezwa, huwa mweupe na chembe zake hushikamana, hivyo kupitisha kimiminika haraka zaidi. Moto huo huo hugeuza sehemu ya opali kuwa kristobalaiti, silika ya fuwele ambayo vumbi lake huharibu mapafu, na kinga ya pumzi katika kazi hiyo si jambo la hiari.

Jirani na machimbo kuna eneo la akiolojia lililogunduliwa mwaka 1928 na kuchimbuliwa na Louis Leakey na wenzake, ambalo sasa liko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mashoka ya mkono ya mtindo wa Acheul yaliyopatikana humo yalichongwa kwa obsidiani na trakaiti, mawe ya volkano zile zile zilizolisha diatomu. Yamo kwenye changarawe na mchanga, si ndani ya diatomaiti safi, na haishangazi: hakuna aliyechonga shoka katikati ya ziwa.

Unga usiochomwa una kazi zake. Hujaza rangi za kupaka na hubeba dawa za wadudu. Ukichanganywa na nafaka ghalani, hufyonza nta iliyofunika ngozi ya fukusi, naye hukauka na kufa bila sumu yoyote.