Somo la Historia: Jinsi Watu Walivyojifunza Kupima Afya ya Mitambo Iliyo Mbali

Nawasalimu ninyi mliokusanyika katika vikundi vyenu huko Songwa, Maganzo, Mwadui na Shinyanga mjini, na wenzenu wa upande wa Geita. Na wewe pia ndugu msomaji, utakayelipata somo hili limekwisha pigwa chapa. Leo tutatazama historia isiyo na vita wala wafalme, lakini iliyoingia katika kila nyumba yenye mita ya umeme.

Tuchukue mfano. Mwenye mashine ya kusaga anaona mita yake imebakiza uniti mbili, na mlangoni wako wateja na ndoo zao za mahindi. Anatoa simu, analipa shilingi elfu ishirini. Fedha zinakatwa, tokeni haiji. Anauliza kwa wakubwa, naye anajibiwa kwamba mtambo ni mzima kabisa. Je, mwongo ni nani? Huenda hapana mwongo hata mmoja. Yafaa tufahamu jinsi jambo hilo linavyowezekana, maana mafundi wamehangaika nalo tangu zamani, kabla kompyuta hazijazaliwa.

Mwaka 1928 reli iliyotoka Tabora, ikapita Shinyanga, ilifika Mwanza. Njia ilikuwa moja, na magari moshi yalikwenda na kurudi juu yake. Katika reli ya namna hiyo gari haliruhusiwi kuondoka mpaka stesheni ya mbele iulizwe kwanza, na swali hilo lilipelekwa kwa waya. (Neno letu simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, na maana yake huko ni waya.) Sasa angalieni sana swali lenyewe. Stesheni masta hakumwuliza mwenzake, "U mzima?" Alimwuliza, "Njia iko wazi?" Mwenzake angeweza kuwa mzima wa afya, amekunywa chai yake, na huku behewa limeanguka juu ya reli. Watu wa reli walilijua hilo mapema. Watu wa kompyuta walikuja kulijua baadaye sana, tena kwa shida.

Mtandao mkubwa wa kwanza wa kompyuta za namna hii ulianzishwa Marekani mwaka 1969, ukaitwa ARPANET. Kila mashine iliyopokea na kupeleka ujumbe ilikuwa na desturi ya kuwatangazia wenzake hali yake: njia zangu ni hizi, huku kuzuri, kule kumesongamana. Ni desturi njema. Lakini tarehe 27 Oktoba 1980, katika mashine moja, tangazo liliharibika likiwa limehifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake. Yakawapo matangazo matatu ya mashine ile ile, na kwa hesabu ya mtambo kila moja lilionekana kuwa jipya kuliko jingine, yakizunguka kama watoto wachezao kukimbizana. Mashine zote zikayapokea na kuyapeleka mbele, zikayapokea tena na kuyapeleka tena, hata hazikupata nafasi ya kazi nyingine. Mtandao mzima ulilala kwa muda wa saa kadhaa, mpaka mafundi walipozisafisha mashine zao. Msikilizaji, hebu lifikirie: kilichouangusha mtandao ni habari za afya yake mwenyewe! Matangazo yalikuwa yakikaguliwa yakiwa njiani, lakini yakiwa yamehifadhiwa hayakukaguliwa na mtu.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Desemba 1983, fundi mmoja wa Marekani jina lake Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi huko Maryland, aliandika programu ndogo akaiita Ping. Jina hilo alilitoa katika mlio wa chombo cha manowari ziendazo chini ya maji, ambacho hupiga sauti na kungoja mwangwi. Kazi ya Ping ni kubisha hodi. Kompyuta moja hubisha, ya mbali hujibu karibu, na muda wa kwenda na kurudi hupimwa. Ni programu fupi sana, na mafundi wangali wanaitumia mpaka leo.

Lakini ninyi Wasukuma mwajua zaidi yangu habari za salamu. Mtu akiulizwa "Mhola?" hujibu "Mhola", hata kama usiku kucha ameugua tumbo. Hiyo ni adabu, wala si uongo. Habari za tumbo hufuata baadaye, watu wakisha kuketi. Basi Ping ni salamu ya kwanza tu. Kompyuta huweza kujibu vizuri sana, kumbe programu iliyo ndani yake imekwama tangu alfajiri. Hapo ndipo mfano wetu wa mwenye mashine unapofumbuka: yule aliyemjibu kwamba mtambo ni mzima alikuwa amesikia "mhola", akatosheka.

Hapana budi kuketi na kuuliza zaidi. Mwaka 1988 mafundi walikubaliana kanuni moja ya kuuliza mitambo maswali ya ndani: umepokea ujumbe mangapi, umetupa mangapi, tangu lini umewashwa. Halafu mwaka 1995 Tobias Oetiker, ambaye wakati huo alikuwa katika chuo kikuu kimoja cha Leicester, Uingereza, alitoa programu iliyouliza maswali hayo kila dakika tano na kuchora majibu katika mstari wa kupanda na kushuka. Chuo kilikuwa na njia moja nyembamba tu ya kwenda nje, na kila mtu aliigombea. Yeye alitaka watu waone kwa macho jinsi inavyojaa. Mchoro ule ni ndugu wa karatasi ya homa inayotundikwa kitandani hospitalini. Joto la mgonjwa la saa hii halimwambii muuguzi mengi, ila akiona limepanda tangu jana asubuhi hujua la kufanya.

Hapa nataka tusimame kidogo penye hesabu, kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika. Chukueni wateja mia moja. Tisini na tisa wanapata tokeni kwa sekunde mbili kila mmoja. Mmoja anangoja sekunde mia mbili. Jumlisheni: 198 na 200 ni 398. Gawanyeni kwa mia: wastani haufiki sekunde nne. Mkubwa wa ofisi akiuona wastani huo atasema kazi ni njema. Lakini yule mmoja amesimama zaidi ya dakika tatu, labda amekata tamaa akalipa mara ya pili. Ndiyo maana mafundi wa leo hawaamini wastani peke yake. Huwapanga wateja kwa foleni kuanzia aliyehudumiwa upesi hata aliyechelewa, kisha wakaenda kumtazama yule wa mwisho. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la haki kuliko la ufundi.

Sasa turudi kwenye tokeni yenyewe, tuone njia yake. Mnunuzi wa Songwa akibonyeza simu, ombi lake hupanda mnara, huenda kwa kampuni ya simu, fedha hukatwa, hupita katika mlango wa malipo ya Serikali, hufika kwenye mtambo wa Shirika la Umeme, yaani ule wa LUKU, ambao maana yake ni Lipia Umeme Kadiri Utumiavyo. Hapo hutengenezwa tarakimu ishirini, nazo hurudi njia ile ile mpaka kwenye simu. Kila kituo kina mlinzi wake, na kila mlinzi aweza kusema kweli kwamba kwake ni salama, na huku tokeni imepotea katikati ya vituo viwili. Dawa waliyoipata mafundi ni ile ya stesheni masta: kuuliza habari za njia. Hutengeneza mnunuzi wa bandia, programu inayonunua kidogo kila baada ya dakika chache tangu mwanzo hadi mwisho. Tarakimu zisipokuja, kengele inalia kabla mteja hajafika dukani.

Mwezi wa Mei 2021 nchi yetu ilionja uchungu wa jambo hili. Mtambo wa LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu wa mikoa mingi walishindwa kununua umeme, ingawa umeme wenyewe ulikuwapo katika nyaya. Mabwawa na mitambo ya gesi yalikuwa yakifanya kazi. Kilichokosekana ni tarakimu ishirini. Watu walikaa gizani chini ya nyaya zenye umeme. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa Tehama wa Shirika wasimamishwe kazi. Mimi sina la kusema juu ya maofisa wale. Nasema tu kwamba kumsimamisha mlinzi ni kazi ya siku moja, lakini kuweka ulinzi ni kazi ya miaka.

Mwaka 2024 tuliona mambo mawili yasiyofanana. Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Walinzi waliona mara moja. Lakini kuona hakuungi waya, ikabidi kungoja meli ya mafundi.

Jambo la pili lilijulikana miaka mingi kabla. Tokeni za mita za aina hii, duniani kote, zilikuwa na saa yake ndani, iliyohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, basi. Zikigawanywa kwa siku na miaka, ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo tokeni mpya ingeonekana mbele ya mita kuwa ya zamani, nayo ingekataliwa, hata kama mteja amelipa na kila mtambo umejibu vizuri. Mtakumbuka basi jinsi mwaka ule mlivyopokea makundi matatu ya tarakimu mlipokwenda kununua umeme, mkaambiwa myaingize yote kwa mpangilio. Wengi walinung'unika: mbona hesabu ndefu hivi? Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuifungua mita na kuipa mwanzo mpya wa saa yake, nalo la tatu lilikuwa umeme wenyewe. Mamilioni ya mita, moja moja, kwa vidole vya wenye nyumba.

Ikiwa tokeni yako imechelewa, andika saa uliyolipa, namba ya mita, na namba ya malipo iliyo katika ujumbe wa simu, kabla ya kulipa tena. Kwa fundi, saa ile ina thamani sana. Kwayo aweza kuufuata mlolongo wote na kujua ombi lako lilikwama kituo gani.

Sasa mwenyekiti wa kikundi awasomee wenzake swali la wiki hii. Chagueni kitu kimoja kijijini kwenu ambacho watu wengi hukitegemea: pampu ya maji, mnara wa simu, jokofu la chanjo katika zahanati. Ni nani hukiangalia? Na akija kukiangalia, huuliza kama ki hai, au huuliza kama maji yanafika kwenye ndoo? Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, nasi tutaanza nayo wiki ijayo, saa ile ile.