Kompyuta Zinazotengwa Zivunjwe

Uwanja wa mazoezi ya udukuzi ni kompyuta iliyowekwa kasoro makusudi, na mwenyewe akatoa ruhusa ivunjwe. Leo viwanja hivyo viko tele kwenye intaneti, na anayeanza hahitaji zaidi ya kompyuta ya kawaida na bando. Katika miaka ya 1980 mambo yalikuwa mengine. Mashine zenye mfumo wa Unix zilikuwa mali ya vyuo vikuu, jeshi na kampuni kubwa, na kijana aliyetaka kuzijua kwa undani alipiga simu kwa modemu akaingia kwenye mashine ya watu. Kujifunza na kuingia pasipo hodi vilikuwa kitu kimoja.

Marekani ilitunga sheria kali dhidi ya uingiaji huo mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Maelfu ya kompyuta yalielemewa. Morris alihukumiwa miaka 3 ya kifungo cha nje, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Tukio hilo lilizaa kituo cha kwanza cha kushughulikia dharura za kompyuta, kilichowekwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Jina la chuo hicho litarudi tena katika historia hii.

Kilichobadilisha mambo hasa ni bei. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alitoa Linux, mfumo wa bure wa jamii ya Unix, na mtu wa kawaida akaweza kuwa na mashine yake ya kuharibu. Mwaka 1993 Jeff Moss alianzisha mkutano wa wadukuzi uitwao DEF CON mjini Las Vegas, na mwaka 1996 mkutano huo ukaandaa mashindano ya kukamata bendera. Bendera ni mfuatano wa herufi uliofichwa ndani ya mashine. Anayeupata ndiye aliyethibitisha kuwa ameingia. Katika aina moja ya mashindano hayo kila timu hupewa seva yake, ikailinda huku ikishambulia za wenzake. Katika nyingine maswali hupangwa kwa mada na alama.

Mashindano, hata hivyo, hayamfai asiyejua kitu. Kwake vilifaa zaidi viwanja vilivyo wazi usiku na mchana, ambavyo wadukuzi waliviita michezo ya vita, jina la mazoezi ya kijeshi na pia la filamu ya mwaka 1983. Maarufu kati ya hivyo ni OverTheWire, na mlango wa wanaoanza humo unaitwa Bandit. Mchezaji anafungua terminali, anaunganisha kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali, anaingia kwa jina bandit0 na nywila bandit0. Ndani anakuta faili liitwalo readme, na humo mna nywila ya ngazi inayofuata. Anasoma kwa amri ya cat na kudhani kazi ni nyepesi. Ngazi ya pili, jina la faili ni kistari tu. Akiandika cat na kistari, hakitokei kitu: kwa desturi ya Unix kistari peke yake ni agizo la kusoma kinachochapwa kwenye kibodi. Kompyuta inamsubiri mtu, mtu anaisubiri kompyuta. Dawa yake ni kuandika ./- ili mashine ielewe kuwa hilo ni faili lililo hapo hapo. Hapo bado hakuna udukuzi wowote; ni somo la Unix lililovishwa kanzu ya mchezo, na pengine ndiyo sababu limedumu.

Uwanja mwingine, Hack This Site, ulianzishwa mwaka 2003 kwa mazoezi ya kuvunja tovuti. VulnHub, ya mwaka 2012, ilikusanya mashine nzima za kupakua na kuendesha nyumbani. Kwa Afrika Mashariki tofauti kati ya kuunganisha na kupakua si ndogo. Bandit ni maandishi matupu na hupita hata kwenye mtandao wa kusuasua, ilhali mashine ya kupakua inaweza kufika gigabaiti kadhaa, mzigo ambao usingefikirika kwa wengi kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijaanza kazi mwaka 2009.

Mwaka 2013 Carnegie Mellon ilianzisha picoCTF, mashindano ya wanafunzi wa sekondari. Hack The Box ilifuata mwaka 2017, na katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na fomu ya kawaida ya kujiunga: mgeni alipaswa kuchungulia msimbo wa ukurasa wa mwaliko na kujitafutia humo njia ya kupata mwaliko huo. Lilikuwa jambo la kupendeza, lakini liliwafungia mlango walewale waliohitaji kufundishwa. TryHackMe, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2018, ilikwenda kinyume: somo fupi, swali, mashine ya kujaribia ndani ya kivinjari, kisha hatua nyingine.

Sheria nazo zimefika Afrika Mashariki. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kenya ilitunga yake mwaka 2018, na humo kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini kunaweza kumgharimu mkosaji faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Bandit ingali wazi, haina malipo, na nywila ya mlango wake wa kwanza ni ileile: bandit0.