Klasta ya Kupokezana na Hifadhi ya Pamoja

Seva ikizimika Sumbawanga, kipuri hakipatikani mtaa wa pili. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na kwa miaka mingi mji huu uliwashiwa taa kwa umeme wa kununua Zambia na kwa jenereta za dizeli. Baridi ya uwanda wa Ufipa humpunguzia kazi mwenye kiyoyozi, lakini haizuii diski kufa. Ofisi isiyoweza kungoja lori ndiyo yenye haja na kile Waingereza wanachokiita failover cluster.

Mafundi husema “klasta” basi. Napendekeza klasta ya kupokezana: seva mbili au zaidi zinazolindana, moja ikianguka nyingine inashika kazi. Aliyepanda basi la Dar kwenda Sumbawanga anajua kupokezana: madereva wawili, usukani mmoja. Anayebadilika ni dereva, mizigo haiteremshwi.

Mizigo hiyo ndiyo hifadhi ya pamoja, yaani diski zilizo nje ya seva zote, zikifikiwa kwa mtandao. Tuseme ofisi ni ya hospitali: faili za wagonjwa zikikaa tumboni mwa seva ya kwanza, ya pili itapokea zamu mikono mitupu.

Kwa bajeti ndogo, wengi hutumia iSCSI, iliyowekewa kanuni mwaka 2004, ambayo husafirisha amri za diski juu ya mtandao wa kawaida, kwa kawaida kupitia mlango namba 3260. Kabati la diski hupewa swichi zake, mbali na kompyuta za makarani. Fundi huzikata diski hizo sehemu mbili: kubwa ya data, ndogo ya shahidi, ambaye kazi yake tutaiona kwenye kura. Kila seva huruhusiwa kwa jina lake, na zote zione diski zilezile, ila kufomati ni kazi ya seva moja tu. Kabati nalo liwe na vidhibiti viwili na pawasaplai mbili, maana likifa lenyewe hakuna wa kupokea chochote.

Seva hizi hutumiana mapigo, mara nyingi kila sekunde. Mapigo kadhaa yakikosekana mfululizo, seva isiyosikika huhesabiwa imekufa. Lakini huenda imechomoka waya tu. Zote mbili zikijiona mrithi na kuandika kwenye diski moja, data inavurugika pasipo kutengenezeka.

Kinga yake ni akidi, yaani idadi ya kura inayotakiwa ili kazi iendelee. Bungeni, Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaridhika na nusu ya wabunge wote. Klasta hairidhiki na nusu, kwa kuwa nusu ziko mbili na kila moja ingedai uhalali. Inataka zaidi ya nusu. Seva mbili zina kura mbili. Diski ya shahidi inaleta ya tatu. Atakayewahi kuishika anaendelea, mwenzake anaachia kila kitu.

Hifadhi ya pamoja, hata hivyo, isichanganywe na nakala rudufu. Karani akifuta jalada kimakosa, seva itakayopokea zamu italikuta limefutwa vilevile. Nakala rudufu ikae kwenye chombo kingine, ikiwezekana jengo jingine. Na klasta isipokewe kwa fundi kabla hajachomoa waya wa seva moja mbele ya wenyewe, wakaona karani wa mapokezi anaendelea kuandikisha wagonjwa.