Reli ya Kati: Njia ya Wapagazi Iliyowekwa Chuma

Kabla ya treni, mizigo ya bara ilisafiri mabegani mwa watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili za pembe, vitambaa au shanga, akatembea na msafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwezi Novemba 1857, walikuwa na zaidi ya miezi minne njiani tangu waiache pwani.

Wajerumani walianza kutandika reli mwaka 1905, wakaianzishia Dar es Salaam, na kuanzia hapo Bagamoyo ikabaki na majumba yake. Reli ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, upana wa meta moja, na kazi kubwa ilifanywa kwa mikono. Miongoni mwa vibarua walikuwamo Wanyamwezi, wakijenga kitu kilichokuja kuumaliza upagazi wao. Majina ya wahandisi yamehifadhiwa. Ya vibarua hao ni nani anayeyajua?

Reli hii ndiyo iliyoleta vipande vya meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa na kufungwa kwenye masanduku. Iliteremshwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, na leo tunaiita MV Liemba. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliitwaa Tabora. Wajerumani walikuwa wakivunja madaraja huku wakirudi nyuma, kwa hiyo reli changa kabisa ikaanza maisha yake kwa matengenezo.

Chini ya Waingereza, Tabora ikawa njia panda. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928, na baadaye likaja la Mpanda, linalochepuka Kaliua. Kuanzia 1948 reli ilikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya RITES ya India. Mkataba haukudumu, na ndoa ile haikuacha sifa. Sheria ya 2017 ikairudisha TRC. Muda wote huo wanafunzi wa fani ya reli waliendelea kuja kusomea Tabora.

Lakini historia ya reli husomwa vizuri zaidi dirishani. Panda Tabora kwenda Kigoma, kama kilomita 400. Miombo inaanza mapema, na ukikaza macho utaona mizinga ya magome imetundikwa juu ya matawi. Urambo, palipokuwa na mashamba ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, sasa ni nchi ya tumbaku. Treni ikisimama, akina mama wanakuja mbio na mabeseni kichwani: karanga, mahindi ya kuchemsha, asali kwenye chupa za maji. Bei inapatanwa kwa haraka, maana honi ikilia anayeshikilia chenji yako anabaki chini. Mbele kuna mto Malagarasi, kisha Uvinza, ambako chumvi ilichemshwa na kuuzwa kwa misafara kabla reli haijawaziwa. Anayepita sehemu hii usiku amelala kwenye utamu wa safari.

Wapo wanaotunza utamu kama huo: huko Wuppertal, Ujerumani, wana reli inayoning'inia juu ya mto, iliyofunguliwa 1901. Ni rika la hii yetu. Behewa alilopanda Kaiser Wilhelm mwaka 1900 walilitunza, wakalitumia kutembeza wageni. Sisi reli ya kisasa, SGR, inajengwa kuja Tabora na Kigoma, na ni jambo jema. Ombi kwa TRC ni dogo: mizigo na abiria wa haraka wakihamia huko, msing'oe njia ya zamani. Wekeni treni moja ya mchana, Tabora hadi Uvinza, mwishoni mwa wiki, na pale stesheni ya Tabora wekeni kibao cha kuwakumbuka wapagazi.